Naomba ushauri: golikipa mkongwe au huyu kijana?

Wakuu, habari za jioni. Nasimamia timu ya mtaa hapa Uyole, Mbeya, na tunajiandaa na ligi ya wilaya. Posho tuliyonayo inatosha golikipa mmoja tu, ndipo kichwa kinaponiuma.

Mkongwe wetu ana miaka 38. Mabeki wanamsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi, maana anawapanga kabla hatari haijafika, na penalti anazisoma kweli. Tatizo ni miguu. Krosi siku hizi anazisubiri langoni, na mvua zikianza mwezi wa 11, uwanja ukawa tope, akianguka anachelewa kuinuka. Kijana ana miaka 19, mrefu, anatoka kwa ujasiri, na mpira mguuni hana wasiwasi. Hilo si dogo: tangu sheria ya 1992 kipa haruhusiwi kudaka pasi ya makusudi ya mguu kutoka kwa mwenzake. Ila akifungwa bao moja anapotea kabisa, la pili linafuata.

Najua makipa hudumu. Essam El-Hadary wa Misri alicheza Kombe la Dunia 2018 akiwa na miaka 45 na akaokoa penalti dhidi ya Saudi Arabia. Lakini yule alikuwa na madaktari na mazoezi ya kila siku. Wetu anashinda shambani kwenye viazi.

Nimewaza mkongwe awe kocha wa makipa, posho wagawane. Nampenda sana huyu kaka, sitaki ajione ametupwa. Waliowahi kufanya hivyo, mlimwambiaje mhusika? Na kijana aanze mechi ya kwanza, au nimwingize taratibu?