Jirani kapanga mawe ziwani, ufuo wangu unaliwa. Ni yeye au ni ziwa?

Nyar Alego:
Wanajamvi hamjambo. Naomba wenye kujua mambo ya maji na ardhi wanisaidie kabla hatujarudi kwa mzee wa kijiji. Nimeolewa karibu na Asembo Bay, kando ya Ziwa Victoria, na shamba letu linateremka hadi ziwani. Upande wa magharibi tumepakana na baba mdogo wa mume wangu. Yeye ana mashua za omena, wale dagaa wa ziwani. Maji ya 2020 yalipopungua, alipanga mawe makubwa kutoka ufuoni kuingia majini, hatua ishirini na kitu, ili mawimbi yasizipige mashua zake. Tangu hapo kwake mchanga unajaa tu, mpaka anaanika omena pahali palipokuwa maji. Kwangu ukingo umekatika wima, mizizi ya mkuyu inaning'inia, na matuta ya mwisho ya mihogo yameenda. Baba anasema ziwa ni la Mungu, linachukua linapotaka. Mimi nasema ni mawe yake. Nani ana haki?

Kijana wa Dunga:
Mama, ziwa lilipanda, watu wengi walihama. Usimsingizie mzee.

Mwalimu Mstaafu, Bondo:
Kijana, kupanda kwa ziwa si uongo. Mvua za 1961 zilianza kulipandisha, na kufikia 1964 lilikuwa limeongezeka zaidi ya mita 2. Mei 2020 likarudi karibu pale pale. Sehemu kubwa ya maji ya Victoria ni mvua inayolinyeshea lenyewe, na mto unaotoka ni mmoja tu, Nile pale Jinja. Mvua ikizidi, halina pengine pa kumwaga haraka. Na ufuo ukiwa wa mteremko mdogo, tuseme unashuka mita 1 kwa kila mita 20, ziwa likipanda mita 1 umeshapoteza mita 20 za shamba.

Lakini ziwa likipanda halichagui mpaka wa shamba. Lingemla baba na wewe pamoja. Hapa mmoja anapata na mwingine anakosa, na hilo lina maelezo yake.

Nyar Alego, upepo wa alasiri kwenu unatoka wapi? Nadhani ni upande wa Luanda Kotieno, yaani kusini-magharibi. Basi mawimbi hayaji ufuoni moja kwa moja, yanakuja kwa mshazari. Wimbi likipanda linasukuma mchanga kwa mshazari huo huo, likirudi linashuka wima kufuata mteremko. Chembe ile imeshasogea kidogo kuelekea mashariki. Wimbi linalofuata linaichukua tena. Alasiri baada ya alasiri, mchanga wote wa ufuo huo uko safarini, na ufuo unaonekana umetulia kwa sababu tu kinachoondoka kinalipwa na kinachoingia kutoka magharibi.

Baba amefunga njia. Mchanga unaotoka magharibi unakwama kwake. Kwako mawimbi yanaendelea kubeba kama kawaida, ila hakuna kinacholetwa, kwa hivyo yanakula ukingo. (Nimefundisha somo hili miaka mingi kwa michoro ya fuo za Uingereza, na ziwa liko chini ya kilima!)

Usiende kubishana kwa maneno. Okota kokoto ndogo, kama punje za njugu, zipake rangi nyekundu, uziache kwenye ukingo wa maji upande wako. Nyingine zitie upande wa baba, magharibi ya ukuta. Ngoja upepo uvume siku kadhaa, kisha mzitafute pamoja naye.

Mvuvi Uyoma:
Mwalimu amesema kweli, ila ongezeni matete. Pale penye matete na mafunjo wimbi hufika limechoka. Je, kwenu yapo au yalifyekwa kupisha mashua? Na mama, tafadhali usijenge ukuta wako. Utamhamishia shida jirani wa mashariki, naye atajenga wake.

Wa Nakuru:
Kwetu ni tofauti, ziwa Nakuru halina mto unaotoka kabisa. Lilikuwa kama kilomita za mraba 40, likapita 60, likameza lango kuu la zamani la mbuga, na migunga imekauka ikiwa imesimama majini. Hakuna ukuta wa mtu wa kulaumu. Ushauri wangu ni mdogo: piga vigingi kutoka ukingoni kwenda bara, upime kila mwezi. Bila kipimo mtagombana hadi wajukuu.

Nyar Alego:
Asanteni, hasa mwalimu. Matete yalifyekwa pande zote mbili kabla sijaolewa hapa. Kokoto nimefanya. Za upande wa baba zimerundikana kwenye pembe ya ukuta, nyekundu tupu. Zangu nimeziokota mbali mashariki, karibu na pale wanawake wanapofulia, na hakuna hata moja iliyokwenda magharibi. Baba alikuja mwenyewe, akainama, akachambua mchanga na kidole, hakusema kitu kwa muda. Jioni alimwita mume wangu. Amekubali kuondoa nusu ya ukuta, ile ya majini zaidi, mchanga upite. Mawe atakayoyatoa ameniuliza kama nitayanunua.

Mvuvi Uyoma:
Usinunue!