Kanitia KANDAMBILI ndani ya mlango wa gari, halafu ananiuliza "kwani kioo kimeanguka?"

Mtu wa Katubuka (mleta mada)

Wakuu, naandika mikono ina grisi na sijala tangu asubuhi, mtanisamehe.

Jina la huyu fundi wa magari sitaji. Wa Mwanga mnamjua, wa Ujiji mnamjua, hata dagaa wa Kibirizi wanamjua. Ni yule ambaye "kesho saa nne" yake ilianza mwaka 1914 Wajerumani wanafikisha reli hapa Kigoma, na mpaka leo haijafika.

Wiki tatu nyuma kioo cha mlango wa mbele kushoto kiligoma. Kilishuka, kupanda hakitaki. Unabonyeza swichi, kimya, hata mlio hamna. Nikampelekea. Akaweka sikio mlangoni kama daktari anayesikiliza mapafu, akasema mota imekufa. Laki moja na ishirini, mota na ufundi. Nikatoa taslimu. Jioni nafuata gari, kioo kiko juu, kimefunga vizuri. Akaniambia, "Usikishushe kwanza, mota mpya inatakiwa izoee." Izoee nini? Ni mtoto wa bweni?

Jana natoka Mwandiga, mvua inanyesha ile ya kwetu, siyo manyunyu. Nikapiga tuta moja. Nikasikia "pwaa!" Kioo chote kimezama ndani ya mlango. Na hapo mlangoni amekaa nani? Mama mkwe. Katoka Kasulu na kitenge kipya. Tumefika nyumbani kalowa utadhani kavuliwa na wavu. Hakusema neno. Wenye mama mkwe mnajua kimya kile kina uzito gani.

Leo nikasema mlango naufungua mwenyewe. Skrubu ya nyuma ya kitasa, skrubu ya chini ya kishikio, kisha unavuta kava taratibu pini zinaachia moja moja. Ndani kuna ile nailoni imegandishwa kwa gundi nyeusi. Nikaibandua. Nikamulika kwa simu.

KANDAMBILI.

Ya bluu. Ya mguu wa kushoto. Imekatwa kwa kisu, imebaki nusu ya mbele, tundu la kamba linaonekana na alama ya kidole gumba cha mtu imezama pale pale. Kioo alikifungua kwenye ile mashine ya kukipandisha na kukishusha, akakisukuma juu kwa mkono, akakikabia na kandambili kama unavyokabia mlango wa choo. Bolti moja ya kushikia kioo nimeikuta imelala chini ya mlango, ya pili sijui anatembea nayo mfukoni.

Na mota mpya? Mota ni ile ile! Bolti zake tatu zina kutu ambayo haijaguswa na spana tangu gari lishuke melini. Nikaichomoa soketi, nikavuta waya mbili kutoka kwenye betri nikazigusisha: inazunguka. Nikageuza waya: inazunguka kwa upande wa pili. Mota nzima kabisa! Nikapima soketi kwa taa, umeme haufiki. Nikafuata waya mpaka kwenye ule mpira wa mikunjo karibu na bawaba, pale zinapopita kutoka kwenye bodi kuingia mlangoni. Waya umekatika. Mlango unafunguliwa na kufungwa miaka yote, waya unakunjwa na kukunjuliwa hapo hapo, mwisho unakatika. Nikaunganisha, nikachomelea kwa risasi, nikazungushia utepe, nikatafuta bolti nikakifunga kioo. Nikabonyeza. Kikapanda kama mfalme.

Kwa hiyo waya. WAYA. Laki moja na ishirini.

Nikaichukua kandambili nikamfuata. Kakaa kwenye benchi lake chini ya mwembe anakula mihogo, bodaboda kama sita wamemzunguka. Nikamwekea kandambili mbele yake, juu ya kile kiboksi cha spana. Akaitazama. Akanitazama. Hakuacha kutafuna. Akasema:

"Kwani kioo kimeanguka?"

Wakuu. Hakusema pole. Hakusema nimekosea bosi wangu. Hakukana hata kukana! "Kwani kioo kimeanguka?" Kama vile kosa ni la kioo, kandambili ilijitahidi. Na wale bodaboda wakacheka mpaka mmoja akashikilia usukani.

Kwani. Kioo. Kimeanguka.

Angekana ningemwelewa. Mwizi hukana.

---

Siti ya Mbele: Nimekaa. Anayepita sokoni aniletee mihogo na mimi.

Bintimawese: Rangi gani umesema? Bluu? Mkuu, nusu ya nyuma ya hiyo kandambili iko kwenye Noah yangu, mlango wa kuteleza. Naapa. Nilidhani ni kifaa cha kiwandani.

Mzee wa Gungu: Mleta mada, kabla hujamchafua mzee wa watu, kile kitufe cha kufunga vioo pale mlango wa dereva ulikiangalia? Kikibonyezwa, vioo vya abiria havisikii chochote. Watu wengi wanabomoa milango kwa sababu ya kitufe tu.

Mtu wa Katubuka: Nilikiangalia. Na waya uliokatika nimeushika kwa vidole hivi. Halafu kitufe hakizai kandambili, mzee wangu.

Mzee wa Gungu: Sawa, nimeuliza tu. Hasira za nini.

Msumari: Kandambili ni ya kwangu, ilipotea msikitini. Naomba irudi, hata nusu.

Fundi Mstaafu: Tuseme ukweli, kazi ya waya umeifanya vizuri. Sasa angalia mambo mawili. Ile nailoni uliirudisha imegandana kote? Ukiacha upenyo, maji yanayotiririka kwenye kioo yataingia chumbani na zulia litaoza. La pili, chini ya mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vumbi letu jekundu linaviziba. Chokonoa kwa waya mwembamba, mlango usigeuke ndoo. Na siku nyingine ukifungua kioo, kwanza kibandike kwa utepe kwenye fremu ya juu, na vidole kaa navyo mbali na mashine. Nimeona mtu amekatwa ukucha.

Mtu wa Katubuka: Ahsante sana mzee. Nailoni nimerudisha, vitundu naenda kuangalia sasa hivi. Lakini wakuu, kile anachosema mtu anatafuna muhogo, "kwani kioo kimeanguka?", nyie mngevumilia?

Siti ya Mbele: Tuache kioo. Mama mkwe alisemaje?

Bintimawese: Ndiyo swali la maana hilo.

Mtu wa Katubuka: Kaomba apelekwe stendi kesho alfajiri.

Msumari: 😂😂😂 Kwa gari lipi?

Nahodha wa Nchi Kavu: Nyie wa magari mna bahati, gari likizima unashuka unatembea. Mimi fundi wangu wa injini ya boti kaniambia imepona. Tumefika katikati ya ziwa, ikazima. Kina pale huongelei, ziwa hili linashuka hadi mita 1,470. Nampigia simu, ananiambia, "Ipe mapumziko." Mapumziko! Nina abiria kumi na moja na kuku!

Mzee wa Gungu: Mkapona vipi?

Nahodha wa Nchi Kavu: Kasia. Na sala.

Mama Kitambaa: Mafundi wote afadhali, jamani, msijaribu fundi cherehani. Nimempa kitenge cha sare ya harusi, mita sita. Siku ya harusi napewa gauni mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Nauliza, ananijibu, "Ndiyo mtindo wa sasa." Na kitambaa kilichobaki nimekiona kimevaliwa na binti yake kanisani!

Bintimawese: Mtindo wa sasa 😂😂 huyo namjua!

Mtu wa Katubuka: Jamani turudi kwenye kioo. Kesho asubuhi nakwenda kudai hela yangu, nataka watu wawili wa kunisindikiza, wanaume wenye sauti. Kandambili nimeihifadhi kwenye mfuko. Nani anakuja?

Msumari: Mama Kitambaa, mita sita za gauni moja? Alikuibia mita tatu huyo.

Mama Kitambaa: Si ndiyo nawaambia!

Siti ya Mbele: Huyo cherehani ni yule wa karibu na soko, au mwingine? Maana suti yangu iko kwake tangu Idi, na kila nikipita ananiambia imebaki kola tu.