Pawa stesheni ya sola: nichukue ya wati-saa 512 au 1024? Kwa matumizi ya nyumbani na safarini

Kobe Mwendo

Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri kwa waliokwisha kutumia hizi pawa stesheni za kubebeka, yale maboksi yenye betri, inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) na tundu la paneli vyote humo humo.

Kazi zangu nafanyia nyumbani, na umeme ukikatika nabaki nakodoa macho tu. Mara moja moja natoka kwenda kurekodi video sehemu ambazo hakuna soketi, na nalala huko huko. Jenereta siitaki, kelele yake inaingia kwenye sauti na ndani ya nyumba huwezi kuiwasha kwa sababu ya moshi.

Vitu vyangu ni ruta, laptopu, feni ya kusimama, taa mbili, chaja za kamera na droni. Ikiwezekana na friji ndogo. Nimeziona mbili: moja ina wati 600 na wati-saa 512, nyingine wati 1800 na wati-saa 1024. Muuzaji ananiambia ya kwanza inatosha kwa sababu vitu vyangu vyote havifiki wati 600. Ni kweli? Na paneli moja ya wati 100 itaweza kuijaza? Halafu, naweza kupanda nayo ndege?

Fundi Nyaya

Mkuu, muuzaji amekujibu swali ambalo hukuuliza. Wati 600 ni mzigo ambao inveta inaubeba kwa wakati mmoja. Umeme uliohifadhiwa ndani ni zile wati-saa 512, na hizo ndizo zinazoamua utakaa muda gani. Vitu vyako vitawaka vizuri tu, ila havitakaa.

Tupige hesabu. Ruta wati 10, laptopu 50, feni 40, taa zote 10. Jumla 110. Ukitumia soketi za AC (zile za umeme kama wa ukutani), toa kama asilimia 15 inayopotea kwenye inveta, kwa hiyo kwenye 512 unabaki na 435 hivi. Gawanya kwa 110, hayafiki masaa manne. Ile ya 1024 inakupa karibu manane. Kama umeme kwako ukikatika unakaa masaa mawili, chukua ndogo ulale. Kama unakatika asubuhi unarudi jioni, jibu unalo.

Na hizo namba zangu usiziamini. Tafuta kile kipimo cha wati cha kuchomeka ukutani, upime kila kifaa chako. Kilichoandikwa nyuma ya chaja ya laptopu ni kiwango cha juu, si kile inachokula muda wote.

Chekecheke

Nimeweka kambi hapa, na mimi naitafuta hii kitu.

Binti Sayari

Nyongeza kwa Fundi, maana kuna mwizi ambaye hajamtaja: inveta yenyewe. Washa soketi za AC bila kuchomeka chochote uangalie kioo. Kuna mashine zinakula wati 10 hadi 15 za bure kwa ajili ya inveta tu, na nyingine kioo kinasoma 0 huku asilimia zinashuka. Sasa mtu anachomeka ruta ya wati 10 usiku kucha, anakuta ameliwa mara mbili. Betri inakata alfajiri anaanza kulaumu kampuni.

Dawa yake ni kuepuka AC kwa vitu vidogo. Ruta nyingi zinatumia volti 12, kwa hiyo nunua waya wa kutoka tundu la volti 12 la mashine kwenda kwenye ruta, lakini soma kwanza chini ya ruta, kuna za volti 9 na hizo utaziua. Laptopu kama inachaji kwa USB-C, tumia tundu la USB-C la wati 100. Taa weka za USB. Ukifika hapo inveta unaiwasha kwa ajili ya feni tu, na hata feni zipo za volti 12.

Kuhusu friji, mimi ningeiacha kwa sasa. Friji ambayo haifunguliwi inashika ubaridi kama masaa manne bila umeme wowote. Ukatikaji mfupi hauhitaji betri, unahitaji nidhamu ya mlango. Ukatikaji mrefu nao, friji ya kawaida inaweza kula wati-saa 600 hadi 1000 kwa siku, yaani boksi lote. Tena kompresa inapoanza inavuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida kwa sekunde moja, na ile inveta ya 600 inaweza kujizima hapo hapo.

Kobe Mwendo

Dah, asanteni sana. Kwa hiyo friji naiweka pembeni. Vipi kuhusu paneli na ndege?

Fundi Nyaya

Ndege sahau. Kwa ndege za abiria betri ya lithiamu ikizidi wati-saa 160 hairuhusiwi, si kwenye begi la mkononi wala la mizigo. Kati ya 100 na 160 unaomba kibali cha shirika. Chini ya 100 unapita nayo, lakini mkononi. Pawabenki ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, hiyo ndiyo ya kusafiri nayo kwa ndege. Droni na kamera zitachaji humo.

Paneli ya wati 100 inatoa 100 kwenye maabara. Juani, ukiielekeza vizuri, tegemea 60 hadi 80. Kwa jua zuri la masaa matano utapata wati-saa 300 hadi 400. Kwa boksi la 1024 unahitaji wati 300 kwenda juu, la sivyo utakuwa unajaza leo na kesho.

Mzee wa Kivuli

Jina langu linahusika hapa 😄. Tawi moja likiangusha kivuli kwenye kona ya paneli, usidhani utapoteza ile kona tu. Seli zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo zile zilizofunikwa zinabana nyingine. Fungua paneli ukitazama wati kwenye kioo, sogeza mguu wa paneli kidogo kidogo, utaona namba inavyopanda na kushuka. Dakika mbili za kuhangaika hapo zina faida kuliko kununua paneli nyingine.

Boksi lenyewe lisikae juani pamoja na paneli. Liweke chini ya paneli kwenye kivuli chake, waya unatosha. Mashine nyingi hukataa kuchaji joto likizidi nyuzi 40 hadi 45, na kwenye buti la gari lililofungwa juani unafika huko haraka.

Chekecheke

Samahanini kwa kudandia uzi. Nikitengeneza waya wenye plagi pande zote mbili nikachomeka kutoka kwenye boksi kwenda soketi ya ukutani, si nyumba nzima itawaka?

Fundi Nyaya

@Chekecheke USITHUBUTU. Plagi ya upande wa pili inabaki na umeme mikononi mwako. Umeme unaweza kutoka nyumbani kwako kwenda kwenye nguzo ukamkuta fundi anayejua laini imezimwa. Na umeme wa nje ukirudi, inveta yako inaungua. Tumia ekstensheni ya kawaida, au umwite fundi aweke swichi ya kubadilishia kati ya umeme wa nje na wa boksi.

Kipepeo Mweusi

Napingana kidogo na wote. Kwa mtu wa safari, kwa nini asinunue mbili za 512 badala ya moja ya 1024? Ya 1024 ya LiFePO4 (aina ya betri ya lithiamu inayodumu zaidi) ina kilo 10 na zaidi. Beba hiyo kwenye mteremko ukiwa na kamera na tripodi. Mbili zina faida: moja inabaki nyumbani kwa ruta, nyingine unatoka nayo. Ikiharibika moja hujakwama.

Binti Sayari

@Kipepeo Mweusi hoja ya uzito nakubali. Lakini mbili mara nyingi zinagharimu zaidi ya moja yenye ujazo ule ule, na anakuwa na inveta mbili zinazokula bure. Anakwenda na gari au kwa miguu? Hapo ndipo pa kuamulia.

Kobe Mwendo

Gari linafika hadi pale pale. Basi nachukua ya 1024 pamoja na paneli mbili za wati 200. Nikague nini kabla ya kulipa?

Fundi Nyaya

Betri iwe LiFePO4, hizo hutajwa mizunguko ya kuchaji na kutumia 2000 hadi 4000 wakati nyingine za lithiamu zinaanzia 500. Inveta iwe ya wimbi safi (imeandikwa "pure sine wave"), yaani umeme laini kama wa ukutani. Volti za AC ziendane na za kwako, kuna zinazotoa 120 tu. Na la muhimu kwa paneli mbili: soma kiwango cha juu cha volti cha tundu la sola. Ukiziunga kwa mfululizo volti zinajumlishwa, kwa hiyo mbili za volti 24 ni 48, na kama tundu limeandikwa 30 umeliua siku ya kwanza. Hapo ziunge sambamba, ila uangalie na ampea. Tuma picha ya lebo hapa kabla hujatoa hela.