Tunastaafu mwakani: eka kumi kilimani au eka moja kando ya lami?

Karibu_Kustaafu

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri wa dhati maana hili jambo linatunyima usingizi mi na mwenzangu. Tunastaafu mwakani, watoto wameshajitegemea, mji umetuchosha na tunataka kuhamia shamba moja kwa moja, sio kwenda wikiendi na kurudi. Tumepata sehemu mbili. Ya kwanza eka kumi juu ya kilima, ina nyumba ya zamani, kisima, miti mikubwa, ukikaa barazani unaona bonde lote. Ila barabara ni ya udongo, inapita kwenye ardhi ya jirani, na hospitali iko saa moja na nusu kwa gari. Ya pili eka moja tu, tambarare, nyumba ndogo ya kawaida kabisa, iko kando ya lami na mji mdogo uko dakika 15. Bei hazipishani sana. Mwenzangu moyo wake uko kilimani, anasema tumefanya kazi miaka yote hiyo ili tuje kuishi tunapopapenda. Mi naogopa ila sijui hata naogopa nini hasa. Nyie mnaoishi hivyo tayari, mngeangalia nini kwanza?

Mzee wa Mpakani

Hongereni kwa kufika salama. Mi naanza na hiyo njia, maana umeitaja juujuu wakati hapo ndo penye kesi. Njia inayopita kwa jirani, je imeandikwa kwenye hati kwamba mnayo haki ya kupita au ni ukarimu wake tu? Jirani wa leo anaweza kuwa mtu mwema sana, akifariki warithi wanauza, mnunuzi mpya anaweka geti na nyie mko ndani. Kabla hujatoa hata shilingi pata mpima ardhi akuoneshe bikoni (alama za mipaka) zote kwa miguu sio kwenye karatasi, na mwanasheria aangalie haki ya njia, pamoja na nani anagharamia matengenezo yake. Barabara ya udongo inauawa na maji, kama haina mgongo katikati na mitaro pembeni basi kila msimu wa mvua mtakuwa mnaitengeneza upya kwa pensheni.

La pili ni ukubwa. Eka kumi ni kama hekta nne, yaani viwanja vya mpira vitano na zaidi. Ulizaneni nani atakata majani hapo mkiwa na miaka 75, na akija kibarua nani atamsimamia. Mi nasema kaeni kwanza kama wapangaji kama inawezekana, mkae hapo mvua kubwa zikiwa zimeshika na mkae tena mwisho wa kiangazi, kwa sababu shamba huwa linaoneshwa kwa wateja siku likiwa zuri.

Nesi_Mstaafu

Mkuu unachoogopa mi nadhani nakijua, ni hiyo saa moja na nusu. Nimefanya kazi ya wagonjwa maisha yangu yote na nakuomba usiichukulie kama namba ya kwenye ramani. Mtu akipata kiharusi cha kuziba mshipa, dawa ya kuyeyusha bonge la damu inatakiwa apewe ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kabla hajapewa lazima apigwe picha ya ubongo kuhakikisha havuji damu. Sasa piga hesabu: muda wa kugundua kwamba hii sio uchovu ni kiharusi, muda wa kutafuta gari, barabara yenyewe ni tope, mnafika mnaambiwa mashine ya picha haipo hapa nendeni hospitali nyingine. Kwa hiyo msiulize tu hospitali iko wapi, nendeni mkaulize inaweza kufanya nini, kama ina hiyo mashine, kama kuna ambulansi na inakubali kupanda mpaka huko kilimani usiku.

Na kuna jambo watu wawili wanaopendana hawapendi kulizungumza ila naomba mlizungumze jioni moja mkiwa mmetulia. Mmoja wenu atatangulia. Yule atakayebaki ataweza kuishi hapo peke yake? Anajua kuendesha gari, na macho yake yakimkataza kuendesha ataendaje kliniki, ana jirani wa kupita asubuhi kumjulia hali? Nimewaona wajane wengi wanauza mahali walipopapenda, kwa bei ya haraka, ndani ya ule ule mwaka wa msiba, na inauma sana kwa sababu ingeweza kupangwa mapema. Usichague mahali kwa ajili ya nyie wawili tu, chagua na kwa ajili ya huyo mmoja.

Fundi Maji

Nesi kasema kweli tupu. Mi naongeza upande wangu wa maji. Kisima kipimeni mwisho wa kiangazi, fundi apampu kwa saa kadhaa aone maji yanashuka kiasi gani na yanarudi kwa kasi gani, ndo mtajua kama kinatosha. Halafu peleka sampuli maabara, angalieni bakteria na naitreti (kemikali inayoingia majini kutoka kwenye mbolea na maji taka), na mrudie kila mwaka na kila baada ya mafuriko, maji kuwa meupe hakumaanishi kuwa ni salama. Muulizeni mwenye nyumba shimo la maji taka liko wapi, asipojua hiyo ni dalili mbaya. Kati ya shimo na kisima mi nataka mita 30, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Tangi la maji taka linanyonywa kila miaka mitatu mpaka mitano, sasa ulizeni kama gari la kunyonya linaweza kufika huko kilimani, maana hilo watu wanalikumbuka wakati tangi limeshajaa.

Mkiwa na paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 10 tu inawapa kama lita 1,000, ukitoa zinazopotea bado una 800 hivi. Kwa hiyo gata nzuri na tanki ni mali, mradi gata zisafishwe. Ila zisafishwe na kijana, tafadhali sana, msipande ngazi wenyewe.

Mama Eka Nane

Jamani msiwatishe wenzenu mpaka wakose raha! Mi naishi kwenye eneo kubwa na nimezeeka humo na sijutii. Siri ni kwamba sio lazima uhudumie kila mita. Sisi tunatunza kama nusu eka kuzunguka nyumba, sehemu nyingine tumemkodisha jirani kwa mkataba wa maandishi, ng'ombe wake wanakula majani na yeye ndo macho yetu tukisafiri, iliyobaki tumeiachia miti. Mnachotakiwa kukifanya bila kukosa ni kuondoa majani makavu, matawi na kuni zisisogelee nyumba, angalau mita 10 kuzunguka, kwa ajili ya moto, na kilimani moto unapanda haraka kuliko tambarare. Kuni zikiegemezwa ukutani mnakaribisha na mchwa pia. Mwenzako kama anapapenda hapo msimkatishe tamaa, ukiamka asubuhi mahali unapopapenda hata mwili unapenda kufanya kazi. Ila kwenye ile njia nakubaliana na mzee, bila maandishi msinunue.

Karibu_Kustaafu

Nawashukuru sana, nimemsomea mwenzangu yote, ya Nesi tumekaa kimya muda mrefu halafu tukaongea mpaka usiku. Tumekubaliana tuombe kupanga ile ya kilimani mwaka mmoja, na mwanasheria aanze na njia. Jirani akikataa kuandikishana tunachukua ile eka moja bila kinyongo. Swali la mwisho kwa Fundi: nyumba yoyote tutakayonunua, turekebishe nini kwanza wakati mshahara bado unaingia?

Fundi Maji

Paa kwanza, na maji ya mvua yaelekezwe mbali na msingi, hivyo viwili vikiharibika vinaharibu na vingine vyote. Kisha bafu: sakafu isiyoteleza, kusiwe na kizingiti cha kuruka, vishikio vifungwe kwenye ukuta imara sio kwenye plasta tu. Milango mkiibadilisha wekeni ya upana wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite. Mlangoni badala ya ngazi jengeni mteremko, kila sentimita 10 za kimo upewe urefu wa sentimita 120, ukiwa mkali zaidi ya hapo mtu hawezi kujisukuma. Rangi na vigae vya mapambo viacheni, mtavifanya polepole mkishahamia.