Kituruki: ni wakati gani yambwa huongezewa -i?

Mgeni wa Ankara:
Ndugu wanajamvi, naomba ushauri. Niko Ankara, katika mwaka wa kujifunza lugha kabla ya kuanza shahada. Tumefundishwa kwamba yambwa ya Kituruki, yaani nomino inayotendewa, huongezewa mwishoni kiambishi -i, ambacho hugeuka kuwa -ı, -u au -ü kwa kufuata irabu iliyotangulia. Umbo lake halinisumbui. Jana niliandika "ekmeği aldım", nikikusudia tu kwamba nilinunua mkate, na mwalimu akakifuta kiambishi kwa wino mwekundu, akaacha "ekmek aldım". Mstari uliofuata niliandika "Ali gördüm", yaani nimemwona Ali, na hapo akaniongezea kilekile alichoninyang'anya juu. Nifuate kanuni gani?

Mwalimu Mstaafu:
Kanuni hiyo unayo tangu utotoni, mwanangu. Linganisha "nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu". Ya kwanza inaeleza shughuli uliyoifanya. Ya pili inahusu kitabu ambacho msemaji na msikilizaji wanakijua. Mturuki atasema "kitap okudum" kwa ile ya kwanza na "kitabı okudum" kwa hii ya pili, isipokuwa sisi alama tunaichomeka ndani ya kitenzi, ilhali wao wanaipachika kwenye nomino. Jina la mtu linabainisha mtu mahususi, ndiyo maana ikawa "Ali'yi gördüm". Wenyewe wanaiita "belirtme hâli", yaani hali ya kubainisha.

Msomaji wa Tanga:
Naafiki, Mwalimu, lakini mlinganisho huo una mpaka wake. Sisi husema "nimemwona mtu" hata kama mtu huyo hatumjui, kwa sababu ana uhai. Mturuki atasema "bir adam gördüm" bila kiambishi, kwani uhai pekee haumtoshi. Zaidi ya hayo, vipo vitenzi visivyoitaka -i kabisa: "namwogopa mbwa" ni "köpekten korkuyorum", na "nilimsaidia Ali" ni "Ali'ye yardım ettim". Ningekushauri kila kitenzi kipya ukiandike daftarini pamoja na kiambishi kinachodaiwa na nomino yake, maana hapo Kiswahili hakitakuokoa.

Mgeni wa Ankara:
Ahsanteni sana. Kwa hiyo nikiulizwa nilifanya nini jioni nijibu "çay içtim", na mwenzangu wa chumbani akiulizia ile chai aliyoiacha mezani, nikiri "çayı içtim"?

Mwalimu Mstaafu:
Barabara kabisa. Kisha umchemshie nyingine.