MREJESHO: Vijana wa mashine kuitikia "sawa" halafu wanapasua saizi nyingine

Wakuu, nilileta hapa shida ya yadi ya mbao Mafinga: natoa oda, vijana wanaitikia "sawa bosi", kisha mbao ya inchi mbili kwa sita inatoka mbili kwa nne. Asanteni sana kwa michango yenu.

Kilichofanya kazi ni kumwomba mtu arudie oda kwa maneno yake: saizi, urefu, idadi. Swali la "umeelewa?" nimeliacha kabisa, maana jibu lake ni "ndiyo" siku zote. Oda moja kwa wakati mmoja, mashine ikiwa imezimwa. Nikisikia "mbili kwa sita, futi 12, vipande 40", ndipo inawashwa.

Kuonyesha saizi kwa ishara za vidole kumeshindwa. Kwa glovu na vumbi lile, vidole havihesabiki. Sasa saizi inaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa kwanza.

Kwa wazee wa mashine ilikwama: wakiambiwa "rudia" waliona wanapimwa kama watoto. Aliyenishauri nibebe lawama mwenyewe, ubarikiwe sana: "Mzee wangu, nimeongea haraka, hivi tumekubaliana vipande vingapi?" Wanataja wenyewe, bila kinyongo.

Oda za kupiga simu bado zinachanganyika. Kwa sasa natuma meseji tu.