Dawa ya baba inakata kabla ya dozi inayofuata, naombeni ushauri

Kitindamimba: Habari zenu. Baba ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa, mwaka wa 7 sasa. Anameza levodopa yenye kabidopa, dawa yake kuu ya ugonjwa huo, saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 jioni. Zamani kidonge kilimfikisha kingine. Siku hizi ikifika saa 5 asubuhi dawa imekata: kidole gumba cha kulia kinaanza kucheza, kisha miguu inaganda mlangoni, hanyanyui hata unyayo. Dawa ikikolea nako, shingo na bega vinajinyonganyonga, havitulii. Natamani kumwongezea kidonge. Nifanyeje?

MamaWawili: Pole sana ndugu yangu. Tafadhali usimwongezee mwenyewe. Levodopa haikai mwilini, nusu yake hutoka kwenye damu ndani ya saa moja na nusu hivi. Mwanzoni ubongo huweka akiba. Seli za ubongo zinazoitunza zikizidi kufa, akiba hakuna, mgonjwa anategemea kilichomo kwenye damu tu. Ukikuza dozi, huko kujinyonganyonga ndiko kutazidi. Kwa mama yangu, mwenye Parkinson pia, daktari alimpunguzia kila dozi kidogo, akazisogeza karibu, zikawa 5 kwa siku. Baadaye akamwongezea entakaponi, inayozuia levodopa isivunjwe haraka. Mkojo uligeuka rangi ya chungwa, tukahangaika usiku kucha, kumbe ni dawa tu.

Mlezi_K: Anaimeza na chakula? Protini ya nyama, mayai au maharage hugombania njia na levodopa, utumboni na hata kwenye kuingia ubongoni. Ameze nusu saa kabla ya kula, au saa moja baada. Choo kigumu nacho huchelewesha dawa, na wengi hawakiulizii.

Kitindamimba: Jamani! Ya saa 7 huwa nampa katikati ya mlo, na nyama ipo. Nilidhani namlinda tumbo.

MamaWawili: Hukujua, usijilaumu. Akisikia kichefuchefu, daktari ampe dawa inayomfaa. Metoklopramidi hapana, inazidisha Parkinson. Na levodopa isikatizwe ghafla kamwe, huleta homa kali na kukakamaa kwa hatari. Andika kila saa yuko vipi, siku 3 mfululizo.

Kitindamimba: Nimeanza leo. Saa 1:00 amemeza. Saa 1:40 amefunga vifungo vya shati mwenyewe, vyote. Saa 5:10 kidole kimeanza. Kliniki ni Alhamisi, daftari naenda nalo.